Jina lako liko kwenye diski ngapi? Historia ya maneno ya kuhifadhi, toka rejista hadi seva

UBUNDU, Tshopo. – Jamaa iliyokimbia makwao huandikwa mara nyingi. Chifu wa kijiji ilikofikia anaiandika. Shirika linalogawa chakula linaiandika. Kituo cha afya kinaiandika, na uchaguzi ukikaribia inaandikwa tena. Tangu mgogoro wa Wambole na Walengola ulipoanza mwaka 2023 na kusukuma watu wengi kuelekea Kisangani, jetoni na vikaratasi vya kila rangi vimekuwa mali inayolindwa kama pesa.

Zamani majina hayo yalibaki kwenye daftari. Siku hizi mwandikaji anashika tableti, anapiga picha, anachukua alama za vidole. Mtu akiuliza jina lake linakwenda wapi, jibu huwa fupi: «Liko kwenye seva.»

Neno hilo limeingia vijijini bila maelezo. Nyuma yake kuna maneno mengine ambayo mafundi huyatumia kila siku: diski, safu, kioo, pariti, chelezo. Kila moja lina historia yake, na karibu yote yalizaliwa kutokana na hofu moja, kwamba kitu kilichowekwa mahali pamoja kitapotea siku mahali hapo patakapoharibika. Kwa watu waliokimbia nyumba zao wakiacha vyeti vya shule na vya kuzaliwa ndani ya sanduku, hofu hiyo haihitaji mwalimu. Wanachokosa ni maneno ya kuulizia swali.

REJISTA MBILI, MJI MMOJA

Wazo la kuandika jina mara mbili ni la kale kuliko mashini. Aprili 1667, mfalme Louis XIV wa Ufaransa alitoa amri kwamba ubatizo, ndoa na mazishi viandikwe katika rejista mbili. Moja ibaki parokiani, ya pili ipelekwe mahakamani. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kazi hiyo ilichukuliwa na serikali, lakini desturi ya rejista mbili ilibaki. Wabelgiji waliirithi pamoja na sheria za Napoleon, na mazoea ya rejista na nakala zake yakaja Kongo pamoja nao.

Ufaransa yenyewe ilipata somo kali kuhusu desturi hiyo. Mjini Paris, rejista ya kwanza ilihifadhiwa kwenye jumba la mji na ya pili kwenye jumba la mahakama. Mwezi wa Mei 1871, katika mapigano ya mwisho ya Komuni ya Paris, majumba yote mawili yaliungua. Vyeti karibu milioni 8 vikateketea. Serikali ilianza kuviandika upya kwa msaada wa karatasi zilizobaki mikononi mwa jamaa, makanisani na kwa manoteri. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na mwishowe ni karibu theluthi moja tu iliyopatikana.

Nakala zilikuwa mbili, lakini zote zilikuwa karibu na moto mmoja. Tutaona kwamba mafundi wa kompyuta walikuja kukutana na tatizo hilo hilo zaidi ya miaka mia moja baadaye. Na yale majina yaliyookolewa, mengi yaliokolewa kwa sababu mtu wa kawaida alikuwa ametunza karatasi yake nyumbani.

FISHI ZA GENEVA NA NJIA YA UBUNDU

Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua mjini Geneva ofisi ya kutafuta wafungwa wa vita. Kila jina lililofika liliandikwa kwenye fishi na kupangwa kwa alfabeti. Fishi hizo zilifika karibu milioni 7. Zingali zipo, na mwaka 2007 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia.

Kazi ya aina hiyo ilifika Maziwa Makuu mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Watoto zaidi ya 100,000 waliotengana na wazazi wao waliandikwa. Safari hii majina yaliingizwa kwenye kompyuta, ili fishi ya mtoto aliyeko Goma iweze kulinganishwa na ombi la mama aliyeko Kigali. Mwaka huo huo BBC ilianzisha Gahuzamiryango, kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi ambacho jina lake lina maana ya «kinachounganisha jamaa». Jina likisomwa redioni linaingia katika masikio ya maelfu ya watu kwa mara moja. Hiyo nayo ni njia ya kutengeneza nakala.

Mwaka 1997 historia ilipita hapa Ubundu. Mwezi wa Machi, baada ya kambi ya Tingi-Tingi kuanguka, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walifika mtoni kwa miguu. Walivuka, wakafuata reli kuelekea Kisangani. Reli hiyo, yenye kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906 ili mizigo ipite pembeni ya maporomoko ya Boyoma, wakati Ubundu ikiitwa Ponthierville. Kando ya reli ziliota kambi, kati yake Kasese na Biaro. Mwishoni mwa Aprili kambi hizo zilishambuliwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 inaeleza jinsi wakimbizi walivyouawa na wanajeshi wa AFDL na wa Rwanda, na jinsi wengine walivyotawanyika msituni.

Wengi kati ya waliopotea katika njia hiyo hawakuwa na jina lao mahali pengine popote isipokuwa katika kichwa cha ndugu aliyetembea nao. Ndugu naye akianguka, jina limekwisha. Wakaaji wa Ubundu wenye umri wa miaka arobaini na zaidi wanaikumbuka miezi ile. Wanaelewa kuhifadhi maana yake nini.

DISKI YA KWANZA ILIKUWA NA UZITO WA TANI MOJA

Neno diski lilitoka katika Kigiriki, likapita Kilatini, Kifaransa na Kiingereza hadi likafika kwetu. Maana yake ya kwanza ni kitu bapa cha duara, kama sahani. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilionyesha mashini iliyotengenezwa San Jose, California, iliyoitwa RAMAC. Ndani yake kulikuwa na sahani 50 za chuma zilizopakwa dawa yenye sumaku, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 61. Zilizunguka kwa kasi, na mkono mdogo ukapita juu yake kuandika na kusoma.

Chombo hicho kilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na kiliweka herufi milioni 5. Hiyo ni karibu sawa na picha moja au mbili za simu ya leo. Lakini jambo kubwa lilikuwa jipya: mashini iliweza kurukia moja kwa moja mahali jina lilipo, bila kupitia utepe mzima kama kanda ya redio inayorudishwa nyuma.

Baadaye zikaja diski laini, zile za plastiki zilizobebwa mkononi, na ndipo diski za chuma zikaanza kuitwa diski ngumu. Fundi wa Kisangani aliyesomea kwa Kifaransa husema «disque dur», maana ni ile ile. Kifaa kizima kinachozungusha diski na kuisoma, vitabu vya Kiswahili hukiita kiendeshi. Seva nayo ni neno la Kiingereza lenye maana ya mhudumu. Ni kompyuta kama nyingine, isipokuwa kazi yake ni kukaa macho usiku na mchana ikijibu maombi ya kompyuta nyingine. Tableti inayoandika jina kambini ni mteja, seva ndiyo mwenye duka.

WATAALAMU WATATU NA DISKI ZA BEI RAHISI

Kufikia miaka ya 1980, makampuni makubwa yalitegemea diski kubwa za bei ghali. Baadhi yao hawakukubali kutegemea diski moja. Kampuni ya Tandem ya Marekani, iliyoanza kuuza mashini zake mwaka 1976, iliwapa wateja diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja, neno kwa neno. Hapo ndipo mafundi walipozoea neno kioo. Ulichoandika upande huu kinaonekana upande ule.

Mwaka 1988, watu watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walipeleka andiko kwenye mkutano wa kitaalamu mjini Chicago. Walikuwa na pendekezo rahisi: badala ya kununua diski moja kubwa ya bei kali, tuunganishe diski nyingi ndogo za kompyuta za kawaida, zifanye kazi kama diski moja.

Shida iliyowasumbua ilikuwa ya hesabu. Diski moja ndogo ya wakati huo ilitegemewa kufanya kazi kwa wastani wa saa 30,000 kabla ya kuharibika. Lakini ukiweka diski 100 pamoja, unategemea moja kufa kila baada ya saa 300, yaani hata wiki mbili hazitimii. Kadiri wafanyakazi wanavyokuwa wengi, ndivyo siku za msiba zinavyokaribiana. Kwa hiyo kundi la diski lilihitaji njia ya kuendelea na kazi huku mmoja wao akiwa amekufa.

Walichokipendekeza wakakipa herufi nne: RAID. Kwa Kiswahili tunaweza kusema safu ya diski za bei rahisi zenye ziada. Kampuni zilizokuja kuuza mashini hizo hazikupendezwa na maneno «bei rahisi», kwa hiyo herufi ya tatu ikabadilishwa maana, diski zikaitwa «zinazojitegemea». Kuna jambo jingine ambalo mtu aliyekimbia vita hawezi kuliacha lipite: herufi hizo zikisomwa kama neno, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, zina maana ya uvamizi. Ni ajabu kwamba neno la uvamizi limekuwa jina la kitu cha kulinda.

VIKAPU VYA WAGENIA

Ili kuielewa safu ya diski, mkaaji wa Tshopo hahitaji kufika California. Kwenye maporomoko ya Kisangani, Wagenia husimamisha miti mikubwa ndani ya maji na kuning'iniza vikapu vingi vya kuvulia samaki. Hakuna mvuvi anayetegemea kikapu kimoja. Maji yakichukua kimoja, vingine vinaendelea kuvua.

Lakini diski zinaweza kupangwa kwa njia mbalimbali, na kila njia ina namba yake.

Namba 0 ni kutandaza. Kila faili linakatwa vipande na kugawanywa kwenye diski zote. Kazi inakwenda haraka kwa sababu diski zote zinaandika kwa pamoja. Lakini diski moja ikifa, kila faili linakosa kipande, na vyote vimepotea. Namba hii haikuwemo kwenye andiko la 1988, iliongezwa baadaye. Sifuri yake inasema ukweli: kinga ni sifuri.

Namba 1 ni kioo. Diski mbili, maandishi yale yale. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Gharama yake ni kwamba unanunua mbili na kupata nafasi ya moja.

Namba 5 ndiyo yenye ujanja, na neno lake ni pariti. Chukua mfano wa soko. Wanawake watatu wanaweka mchele kwenye ghala moja, kila mmoja na daftari lake: kilo 3, kilo 5, kilo 4. Mtu wa nne anaandika daftari lake jumla tu: kilo 12. Siku daftari la pili linaloa mvua na kusomeka halisomeki tena, wengine hawagombani. Wanachukua 12, wanatoa 3, wanatoa 4, inabaki 5. Daftari lililopotea limerudi bila kuwa na nakala yake kamili. Kompyuta inafanya hesabu hiyo kwa shufwa na witiri, yaani namba zinazogawanyika kwa mbili na zisizogawanyika, badala ya jumla ya kilo, lakini akili ni hiyo hiyo. Na ili kazi isimlemee mtu wa nne peke yake, diski zote zinapokezana kuandika jumla.

Ukiwa na diski nne, kila moja yenye nafasi ya terabaiti 1, namba 5 inakupa terabaiti 3 za kutumia, na inavumilia kifo cha diski moja. Namba 6 inaandika hesabu mbili tofauti. Inakupa terabaiti 2, na inavumilia vifo viwili.

DISKI IKIFA, NANI ANAJUA?

Sehemu ngumu zaidi ya safu ni kuisimamia. Hapo kuna maneno mengine ambayo watu wa ofisi wanapaswa kuyajua, hata kama hawatashika bisibisi.

Safu iliyopoteza diski moja inaitwa safu dhaifu. Inaendelea kufanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtumiaji haoni tofauti. Taa ndogo nyekundu inawaka mbele ya mashini, mlio unasikika, ujumbe unatumwa. Kama mashini imefungiwa chumbani na hakuna anayeisoma ile taa, wiki zinapita. Diski ya pili ikifa, majina yamekwenda.

Diski ya akiba ni ile iliyokwishawekwa ndani ya mashini, haifanyi kazi, inangoja mwenzake afe ili ichukue nafasi yake. Kubadili bila kuzima ni kuchomoa diski iliyokufa na kuingiza mpya huku seva ikiendelea. Kujenga upya ni kazi ya kuandika kwenye diski mpya yale yote yaliyokuwa kwenye iliyokufa, kwa kupiga ile hesabu ya mchele mara mamilioni. Kwa diski kubwa za leo kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku. Katika muda huo diski zilizobaki zinasomwa bila kupumzika. Kama zote zilinunuliwa siku moja toka karakana moja, zimezeeka pamoja, na nyingine inaweza kuanguka katikati ya kazi. Ndiyo sababu namba 6 ilipata wapenzi.

Tena kuna umeme. Ukikatika wakati seva imeshaandika jina lakini haijaandika jumla mpya, daftari na jumla havipatani tena. Mafundi hutumia betri ndogo ndani ya mashini ili kazi iliyoanzwa imalizike, na betri kubwa nje ili seva izimwe kwa utaratibu. Kisangani, mahali umeme wa bwawa la Tshopo hukatika bila kuaga, betri hiyo ni ya lazima kama diski yenyewe.

MANENO YALIPATIKANA WAPI?

Kiswahili hakikukaa kimya wakati dunia ikitengeneza maneno haya. Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967, na kompyuta zilipoanza kuenea wataalamu walijaribu majina kadhaa. Kulikuwa na ngamizi. Kulikuwa na tarakilishi, neno lililotungwa kutokana na tarakimu na akili, ambalo lilishika zaidi Kenya. Mwishowe watu wengi wakachagua kusema kompyuta.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ikatoa programu zake kwa lugha yetu. Ili kufanya hivyo ilibidi kukubaliana juu ya mamia ya maneno: faili, kabrasha, hifadhi, nakili, rejesha.

Kongo ilikuwa nje ya mazungumzo hayo. Katiba ya 2006 inatambua Kiswahili kama mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Lakini mashini hapa hufundishwa kwa Kifaransa, na vitabu vyake vingi ni vya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba fundi anaweza kusimamia diski kumi na mbili bila shida, lakini akisimama mbele ya jamaa waliokimbia, anakosa neno, anasema «mambo ya mashini» na kuondoka. Watu wanabaki na jetoni mkononi na swali kichwani.

CHELEZO

Kati ya maneno yote yaliyopatikana Dar es Salaam na kwingineko, moja linafaa watu wa mto kuliko yote. Ni chelezo. Wavuvi wa pwani hulitumia kwa kitu kinachoelea, kama boya la wavu au magogo yaliyofungwa pamoja ili yabebe watu. Watunga maneno walilichukua liwe jina la nakala inayowekwa mbali ili siku ya msiba ikuokoe. Wengine husema nakala rudufu.

Chelezo na safu ni vitu viwili tofauti, na watu wengi, hata wakubwa wa ofisi, huvichanganya. Safu inakulinda na kifo cha diski. Haikulindi na mkono wa mtu. Ukifuta jina la mtoto kwa makosa, kioo kinalifuta upande wa pili katika sekunde hiyo hiyo. Mwizi akibeba seva, amebeba diski zote pamoja na pariti yake. Nyumba ikiungua, hali ni ile ya Paris mwaka 1871. Chelezo ni nakala ya jana, iliyokaa katika mji mwingine, isiyoguswa na makosa ya leo. Mafundi wana kanuni inayojulikana sana: nakala tatu, juu ya vyombo vya aina mbili, na moja kati yake mbali na nyumba.

Hata hivyo nakala nyingi zina hatari yake. Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa mtandao waliingia kwenye seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamiaji au maafa, watu waliopotea na jamaa zao, na wafungwa. Habari hizo zilitoka kwenye vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Diski hazikufa. Hakuna kitu kilichokosekana kwenye safu. Shida ni kwamba mtu mwingine aliingia ndani, na kamati ililazimika kuzima mifumo iliyosaidia kuunganisha jamaa. Kwa mtu anayejificha na adui, jina lake kuwa mikononi mwa wageni kunaweza kuwa hatari kuliko jina hilo kupotea. Kuhifadhi vizuri ni kujua nakala ziko ngapi, ziko wapi, na nani ana ufunguo.

JINA LISILO NA USHAHIDI

Kisangani inajua gharama ya jina lisilo na karatasi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, mamia ya raia wakafa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Kesi ya Kongo dhidi ya Uganda kuhusu vita vya miaka ile ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye. Hukumu ya fidia ilitoka tarehe 9 Februari 2022.

Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11, ikihesabu raia 180,000 waliokufa. Mahakama ilikadiria kati ya 10,000 na 15,000, ikaamua Uganda ilipe dola milioni 325 kwa jumla. Majaji walikubali kwamba katika vita ni vigumu kupata vyeti. Walisema pia kwamba fishi za wahanga zilizoletwa, nyingi zilikosa hati za kuzithibitisha, kama vyeti vya vifo. Majina yaliandikwa miaka mingi baada ya matukio, na karatasi za kuyashikilia hazikuwepo tena. Leo mfuko wa FRIVAO, wenye makao yake Kisangani, una kazi ya kuwatambua wahanga ili fidia hiyo iwafikie.

Hakuna safu ya diski inayoweza kurudisha jina ambalo halikuandikwa kamwe. Pariti inahitaji madaftari mengine yawepo. Lakini majina yanayoandikwa leo Ubundu, Opala na Lubunga yanaweza kuwa ushahidi wa kesho, katika kesi ya ardhi, ya fidia, au ya mtoto anayemtafuta baba yake. Kwa hiyo jamaa wana haki ya kumwuliza mwandikaji, kwa Kiswahili cha kawaida, maswali haya.

Jina langu litakaa kwenye diski ngapi, na diski moja ikifa nani ataona ile taa? Chelezo iko mji gani, na mara ya mwisho mlijaribu lini kurejesha majina kutoka humo? Umeme ukikatika, nini kinafuata? Nani anaweza kulisoma jina langu, na nani hana ruhusa? Kazi ya shirika ikiisha na magari yakiondoka, seva inabaki na nani?

Mwandikaji anaweza asiwe na jibu la kila swali. Anaweza kulipeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa kwa fundi. Wakati jibu likingojewa, kila jamaa inaweza kufanya yale yaliyowezekana hata mwaka 1667. Andika majina yote ya nyumba kwenye karatasi, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Tengeneza nakala ya pili. Moja ibaki kwako, ndani ya plastiki, mbali na maji. Nyingine mpe ndugu unayemwamini, anayekaa ng'ambo nyingine ya mto.